Jinsi ya Kulinganisha Intel HD Graphics 3000 na HD Graphics 4000 Kwenye Gemu

Chipu hizi mbili za michoro zimepishana kwa mwaka mmoja na ushei tu. HD Graphics 3000 ilitoka Januari 2011 ikiwa ndani ya prosesa za Intel za kizazi cha pili, Sandy Bridge. HD Graphics 4000 ikafuata Aprili 2012 ndani ya kizazi cha tatu, Ivy Bridge. Zote zimepitwa na wakati, lakini zingali zinafanya kazi kwenye laptopu nyingi zilizotumika, na mtu mwenye bajeti ndogo bado hujikuta akiulizana na nafsi yake: nikiongeza fedha kidogo nichukue yenye 4000, gemu zangu zitabadilika kweli?

Ni swali zuri, na linastahili kipimo cha kweli badala ya kubahatisha. Tatizo ni kwamba majibu mengi yanayotolewa hupingana. Mmoja anasema 4000 ni kali maradufu, mwingine anaapa haoni tofauti. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, kwa sababu chipu hizi hazina kumbukumbu yake zenyewe. Zinakula RAM ya kompyuta, zinagawana umeme na prosesa, zinategemea draiva (programu zinazouwezesha mfumo endeshi kuitumia chipu) ambazo hazilingani. Usipodhibiti mambo hayo utakuwa umelinganisha kompyuta mbili, si chipu mbili. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu maandalizi, na nimefanya hivyo kwa makusudi.

Hatua ya 1: Hakikisha una chipu unayodhani unayo

Usiamini kibandiko cha "Core i5" kilicho kwenye laptopu. Fungua programu ya CPU-Z uandike jina kamili la prosesa, kisha ya GPU-Z uandike jina la chipu ya michoro. Chipu hizi zina ndugu zao wadogo wanaochanganya watu: HD 2000 upande wa Sandy Bridge na HD 2500 upande wa Ivy Bridge. Wadogo hawa wana vitengo 6 tu vya uchakataji, wakati HD 3000 ina 12 na HD 4000 ina 16.

Kwenye laptopu za Core i3, i5 na i7 za vizazi hivyo hali ni rahisi, kwani kwa kawaida utaikuta chipu kubwa. Kwenye kompyuta za mezani ni kinyume. Prosesa nyingi za mezani za Sandy Bridge zilipewa HD 2000, na HD 3000 ikawekwa kwenye chache, kama i5-2500K na i7-2600K. Core i5-3470 ya mezani ina HD 2500, lakini i5-3570K ina HD 4000. Kosa la herufi moja mwishoni mwa jina linatosha kuharibu matokeo yote.

Angalia pia daraja la umeme. Prosesa ya laptopu ya wati 35, kama i5-3320M, huendesha HD 4000 kwa megahezi 650 hadi 1,200. Prosesa ya laptopu nyembamba ya wati 17, kama i5-3317U, ina HD 4000 ileile kwa jina, lakini inaanzia megahezi 350 na kikomo chake ni 1,050. Tena inaposhika joto au prosesa inapoelemewa, masafa hayo hushuka. Ukipambanisha HD 3000 ya wati 35 na HD 4000 ya wati 17, hukumu utakayotoa itakuwa ya wati, wala si ya vizazi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya karatasi kwanza

Kabla ya kupima, jua unachotarajia. Tuchukue prosesa mbili zinazofanana vizuri: i5-2520M yenye HD 3000 inayofika megahezi 1,300, na i5-3320M yenye HD 4000 inayofika 1,200. Kila kitengo cha HD 3000 hufanya hesabu 8 za desimali kwa mdundo mmoja wa saa. Cha HD 4000 hufanya 16. Kwa hiyo:

HD 3000: 12 × 8 × gigahezi 1.3 = hesabu bilioni 124.8 kwa sekunde
HD 4000: 16 × 16 × gigahezi 1.2 = hesabu bilioni 307.2 kwa sekunde

Uwiano ni karibu mara mbili na nusu. Hapo ndipo maneno ya "maradufu" yanapotoka.

Sasa geukia kumbukumbu. Kizazi cha pili kwa kawaida hutumia DDR3-1333, ambayo kwa stiki mbili za RAM hupitisha GB 21.3 kwa sekunde. Kizazi cha tatu kinakubali DDR3-1600, GB 25.6 kwa sekunde. Hilo ni ongezeko la asilimia 20 tu. Ni kama jiko lililoongezewa wapishi huku maji yakiendelea kuchotwa kwa ndoo kubwa kidogo kuliko ile ya zamani. Intel walijua hilo, ndiyo maana waliipa HD 4000 akiba yake ndogo ya ndani ili isikimbilie RAM kila mara, na pia wakaiongezea kisoma-nakshi cha pili, yaani sehemu inayosoma picha zinazovishwa kwenye vitu vya gemu. Hayo yanasaidia, lakini hayafuti tatizo.

Kwa hiyo tarajio la busara ni hili: gemu inayotegemea hesabu nyingi za mwanga na vivuli itaonyesha pengo kubwa, na gemu ya zamani inayomimina pikseli nyingi bila hesabu nzito itaonyesha pengo dogo. Ukipata ongezeko la theluthi moja hadi nusu katika gemu nyingi, kipimo chako kinaelekea kuwa sawa. Ukipata mara mbili na nusu kila mahali, rudi ukague, kwani kuna kitu hakiko sawa upande mmoja.

Hatua ya 3: Fanya mashine mbili zifanane

Njia bora kuliko zote ni kutumia ubao mama mmoja. Sandy Bridge na Ivy Bridge za mezani hukaa kwenye soketi moja, LGA 1155, na bao mama nyingi za aina ya H61, H67 na Z68 hukubali vizazi vyote viwili baada ya kusasisha BIOS (programu ya msingi iliyo ndani ya ubao mama). Unaweka i5-2500K, unapima, unaitoa, unaweka i5-3570K, unapima tena. RAM ni ileile, diski ileile, umeme uleule. Hata prosesa zenyewe zinakaribiana: zote zina viini vinne, akiba ya MB 6, na masafa ya kuanzia gigahezi 3.3 na 3.4.

Tahadhari mbili. Kwanza, sasisha BIOS wakati prosesa ya kizazi cha pili ingali ndani. Ukiweka Ivy Bridge kwenye ubao wenye BIOS ya zamani, kompyuta haitawaka, nawe hutakuwa na njia ya kuisasisha mpaka urudishe prosesa ya awali. Pili, epuka ubao wa P67, kwa sababu haupitishi picha kutoka kwenye chipu iliyo ndani ya prosesa. Kwa Z68 hakikisha ubao wenyewe una tundu la kuchomeka skrini, maana si zote zilipewa.

Kama huna kompyuta ya mezani, tafuta laptopu za familia moja zilizopishana mwaka. ThinkPad T420 na T430 ni jozi nzuri. Ya kwanza ina Sandy Bridge, ya pili Ivy Bridge, na zote hupatikana na prosesa za wati 35 zenye viini viwili. Kagua kwamba hazina chipu ya ziada ya NVIDIA. Ikiwepo, izime kwenye BIOS, la sivyo unaweza kupima kitu kingine kabisa bila kujua.

Sasa tuje kwenye RAM. Naomba usiiruke sehemu hii hata kama umechoka.

Stiki moja ya DDR3-1333 hupitisha GB 10.7 kwa sekunde. Stiki moja ya DDR3-1600 hupitisha 12.8. Stiki mbili huzidisha namba hizo mara mbili. Laptopu nyingi zilizotumika huuzwa zikiwa na stiki moja tu. Hebu fikiria HD 4000 yenye stiki moja ya 1600 ikipambana na HD 3000 yenye stiki mbili za 1333: mpya ina GB 12.8, ya zamani ina 21.3. Hapo ndipo anapotokea mtu wa kusema haoni tofauti, na macho yake hayamdanganyi.

Kwa hiyo weka stiki mbili za GB 4 kila upande, ukubwa sawa, ili jumla iwe GB 8. Fungua CPU-Z, ukurasa wa Memory, uthibitishe kwamba kumbukumbu inafanya kazi kwa chaneli mbili. Usishangae kuona masafa yakisomeka takriban 665 au 800, kwa sababu programu hiyo huonyesha nusu ya namba iliyo kwenye lebo: 665 ni ile 1333, na 800 ni ile 1600.

Je, kasi ya RAM iwe ileile pande zote? Ninapendelea kupima mara mbili. Duru ya kwanza, zote kwa 1333, ili uone chipu yenyewe imeongeza nini. Duru ya pili, HD 4000 ipewe 1600, kwa sababu hivyo ndivyo mnunuzi atakavyoitumia. Ukiwa na muda wa duru moja tu, chagua ya kwanza, na useme hivyo unapotoa matokeo.

Kuhusu kile kipengele cha BIOS kinachotenga MB 32, 64 au zaidi kwa ajili ya michoro: kiweke sawa pande zote kisha ukisahau. Draiva huchukua kumbukumbu zaidi yenyewe inapoihitaji. Kupandisha namba hiyo hakuongezi fremu (picha ambazo gemu huchora kila sekunde) kwa namna inayoonekana, ingawa ushauri huo umesambaa kila mahali.

Mwisho, joto. Mashine hizi zina umri. Fungua, toa vumbi kwenye feni, badilisha ile dawa nzito ya kupitisha joto inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupozea. Fanya hivyo kwa zote mbili, hata kama moja inaonekana safi. Laptopu zichomekwe kwenye umeme muda wote, na mpango wa nishati wa Windows uwekwe kwenye utendaji wa juu, kwa kuwa kwenye betri masafa ya michoro hubanwa.

Hatua ya 4: Mfumo endeshi na draiva

Tofauti kubwa kuliko zote kati ya chipu hizi haionekani kwenye fremu. Iko kwenye DirectX na OpenGL, yaani lugha ambazo gemu hutumia kuiagiza chipu ichore. HD 3000 inaishia DirectX 10.1, na kwenye Windows inaishia OpenGL 3.1. HD 4000 ina DirectX 11, na kwenye Windows inafika OpenGL 4.0. Mlango huo wa DirectX 11 ndio uliowaacha wenye HD 3000 nje ya sehemu kubwa ya gemu zilizokuja baadaye.

Kwenye Windows 10, HD 3000 haikupata draiva iliyotengenezwa maalumu kwa mfumo huo. Inatumia draiva ya enzi za Windows 7 na 8, toleo 9.17.10.4459, linaloletwa na Windows Update. HD 4000 ilitunzwa kwa muda mrefu zaidi, kwa draiva za familia ya 15.33. Unapopima, andika toleo la draiva la kila upande, na uzime masasisho ya kiotomatiki mpaka umalize. Draiva ikibadilika katikati, anza upya.

Kwa draiva hiyo ya zamani, Minecraft ya Java inaweza kukataa kufunguka kwenye HD 3000 ndani ya Windows 10, ikilalamika kwamba umbizo la pikseli halina kasi ya kifaa. Chanzo ni kwamba Java, programu inayoiendesha gemu hiyo, ilipoanza kujitambulisha kuwa inaifahamu Windows 10, draiva ikaacha kuitikia. Java 8 toleo la 51 bado hufanya kazi, lakini kuanzia 60 matatizo huanza. Hata hivyo hilo linasaidia matoleo ya zamani ya gemu tu. Kuanzia 1.17, iliyotoka Juni 2021, Minecraft inadai OpenGL 3.2, na HD 3000 kwenye Windows haina.

Linux inabadilisha picha. Draiva huria za Mesa zinaipa HD 3000 OpenGL 3.3 na HD 4000 OpenGL 4.2, na zote mbili zinahudumiwa na draiva moja iitwayo Crocus. Kwa hiyo Minecraft isiyofunguka kwenye Windows inaweza kufunguka kwenye kompyuta hiyohiyo ukiwasha Linux. Kwa mtu anayetaka ulinganisho wa haki zaidi upande wa programu, Linux ni uwanja mzuri: draiva moja, toleo moja, siku moja. Ila kama unapima kwa niaba ya watu wanaotumia Windows, pima kwenye Windows. Usichanganye, chipu moja huku na nyingine kule.

Kwa wanaofikiria Windows 7 kwa sababu ya draiva, kumbuka Steam, duka la gemu la mtandaoni, iliacha kuihudumia Januari 1, 2024. Gemu za diski au zisizohitaji Steam zitaendelea kufunguka, lakini mashine hiyo usiiunganishe na intaneti.

Hatua ya 5: Chagua gemu zitakazosema ukweli

Chagua chache, kati ya tano na nane, kutoka makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la DirectX 9, ambako chipu zote mbili ziko nyumbani: Left 4 Dead 2 ya 2009, Portal 2 ya 2011, Batman: Arkham City kwa hali yake ya DirectX 9. Hili ndilo kundi linalolinganisha nguvu tupu.

La pili ni la gemu zinazoweza kukubali DirectX 10 ingawa zina hali ya juu zaidi. GTA V, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2015, ni mfano bora, kwani ina kipimo chake cha ndani na kwenye mipangilio unaweza kuchagua DirectX 10, 10.1 au 11. Chagua 10 kwa chipu zote mbili. Ukiiacha HD 4000 itumie 11, utakuwa umeibebesha kazi ambayo mwenzake hakuibeba.

La tatu ni la gemu zinazodai angalau DirectX 11, kama The Witcher 3. Hapa HD 3000 haishiriki kabisa, lakini zipime kwenye HD 4000 hivyohivyo. Kufunguka si kuchezeka. Ukikuta gemu inafunguka kwenye HD 4000 kisha inatembea kwa fremu 12, faida ile ya DirectX 11 haina maana kwa gemu hiyo, na mnunuzi anastahili kujua.

Programu za kupimia kama 3DMark06 na Unigine Heaven zinafaa kama kipimo cha ziada. Kwenye Heaven tumia DirectX 9 pande zote. 3DMark 11 inadai DirectX 11, kwa hiyo iache. Kwa maoni yangu, ukiwa na muda mdogo, gemu tatu halisi zina thamani kuliko programu sita za kupimia. Hakuna anayecheza Heaven.

Hatua ya 6: Mipangilio ndani ya gemu

Tumia pikseli 1280 × 720 kwa zote mbili, hata kama skrini moja ni kubwa. Ukubwa huo una pikseli 921,600. Skrini ya 1920 × 1080 ina 2,073,600, mzigo wa zaidi ya mara mbili, na chipu hizi huzama zote kwa pamoja kiasi kwamba tofauti haisomeki vizuri. Fremu 9 dhidi ya 13 ni ongezeko kubwa kwa asilimia, lakini hakuna anayeweza kucheza kwa yoyote kati ya hizo.

Zima VSync (kipengele kinachofunga fremu kwenye kasi ya skrini) na kikomo chochote cha fremu. Zima ulainishaji wa kingo (anti-aliasing). Vivuli viwe vya chini. Usikubali gemu ijichagulie mipangilio, kwa sababu itachagua tofauti kwa kila chipu. Njia salama ni kupanga upande mmoja, kisha kunakili faili la mipangilio kwenda upande wa pili na kufungua menyu kuthibitisha. Piga picha ya menyu hiyo pande zote mbili, itakuokoa siku mtu akikuuliza.

Hatua ya 7: Pima

Kwenye Windows tumia PresentMon au CapFrameX kurekodi muda wa kila fremu. Kwenye Linux tumia MangoHud. Pembeni washa HWiNFO irekodi masafa ya michoro, masafa ya prosesa na joto.

Utaratibu ni huu. Washa kompyuta, iache dakika chache imalize shughuli zake za nyuma. Cheza gemu kwa dakika 10 hadi 15 bila kurekodi chochote, ili mashine ifikie joto lake la kawaida. Laptopu iliyo baridi hujionyesha kuwa na kasi isiyoweza kuidumisha. Kisha rekodi sekunde 60 kwenye njia ileile: mlango huu hadi daraja lile, bila kugeuka kutazama mengine. Rudia mara tatu. Rekodi ya kwanza mara nyingi huwa na mikwamo ya kupakia vitu kutoka kwenye diski, kwa hiyo ikitofautiana sana na mbili zinazofuata, itupe na uongeze ya nne.

Kwenye Left 4 Dead 2 na Portal 2 kuna njia safi zaidi. Washa konsoli (dirisha la kuandikia amri ndani ya gemu), andika record na jina la faili, cheza, kisha andika stop. Baadaye andika timedemo na jina lile. Gemu itaucheza mchezo ule kwa kasi yote iliyo nayo na kukupa wastani. Nakili faili hilo kwenye mashine ya pili, na chipu zote zitachora matukio yaleyale kabisa.

Baada ya kila rekodi tazama masafa. Kama HD 4000 ilipaswa kufika 1,200 lakini HWiNFO inaonyesha imezunguka kwenye 900, kuna tatizo la joto au la umeme. Litatue kwanza, rekodi hiyo haifai.

Hatua ya 8: Soma muda wa fremu, usiishie kwenye wastani

Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu imechukua milisekunde 16.7. Fremu 30 ni milisekunde 33.3, na 20 ni 50. Jicho na mkono huhisi milisekunde, na wastani unaweza kuzificha.

Tuchukue mfano. Chipu A imechora fremu 99 kwa milisekunde 20 kila moja, na moja kwa milisekunde 120. Jumla ni milisekunde 2,100 kwa fremu 100, yaani wastani wa fremu 47.6 kwa sekunde. Chipu B imechora fremu 100, kila moja kwa 22. Jumla ni 2,200, wastani 45.5. Ukitangaza wastani, A imeshinda. Lakini kila baada ya sekunde mbili hivi A inaganda kidogo, na katika gemu ya kulenga shabaha mkwamo huo mmoja unatosha kukuua. Mimi ningeicheza B bila kusita.

Kwa hiyo toa namba mbili kwa kila gemu: wastani, na asilimia moja ya fremu zilizo polepole zaidi. Hii ya pili ni rahisi. Kama umerekodi fremu 2,400, panga muda wake kuanzia mrefu, chukua 24 za kwanza, tafuta wastani wa milisekunde zake, kisha gawanya 1,000 kwa wastani huo. CapFrameX hufanya hesabu hiyo yenyewe. Programu hazikokotoi zote kwa namna moja, kwa hiyo tumia moja tu kwa chipu zote.

Na wastani wenyewe uupate kwa kugawanya idadi ya fremu zote kwa sekunde zote. Usijumlishe zile namba zinazorukaruka pembeni mwa skrini na kuzigawanya.

Hatua ya 9: Tafuta kinachobana

Umepata matokeo, sasa yahoji. Shusha ukubwa wa picha kutoka 1280 × 720 hadi 800 × 600 na upime tena. Fremu zikipanda sana, chipu ya michoro ndiyo iliyokuwa inabana, na ulinganisho wako ni halali. Zisipopanda, aliyebana ni prosesa, na ulichopima hapo ni tofauti ndogo ya prosesa za vizazi viwili. Gemu hiyo itoe kwenye hesabu ya chipu, au itafutie sehemu yenye michoro mizito zaidi.

Jaribio la pili ninalolipenda kuliko yote: toa stiki moja ya RAM na urudie gemu mbili au tatu. Utaona kwa macho yako jinsi chipu inavyoishi kwa kutegemea kumbukumbu. Kama HD 4000 imepoteza sehemu kubwa ya fremu zake kuliko HD 3000, umeona mahali ambapo nguvu yake ya hesabu inakosa chakula. Kwa mwenye laptopu ya stiki moja, jaribio hili lina faida kuliko mengine yote humu, maana linamwonyesha anachoweza kupata kwa kuongeza stiki bila kubadilisha kompyuta.

Hatua ya 10: Toa hukumu

Kwa kila gemu gawanya fremu za HD 4000 kwa za HD 3000. Tuseme umepata 1.25, 1.5 na 2.0. Usijumlishe na kugawanya kwa tatu. Zidisha zote, upate 3.75, kisha tafuta kipeuo cha tatu, ambacho ni takriban 1.55. Njia hii haiachi gemu moja yenye pengo kubwa itawale nyingine. Ifanye kando kwa wastani na kando kwa fremu za polepole.

Gemu zisizofunguka kwenye HD 3000 usizipe sifuri, kwani sifuri itaharibu hesabu nzima. Ziorodheshe peke yake, na mbele ya kila moja andika HD 4000 ilipata fremu ngapi. Weka pia mstari wa kuchezeka unaouamini. Mimi nauweka kwenye fremu 30 za wastani na zisizopungua 20 kwa zile za polepole. Kisha hesabu ni gemu ngapi zimevuka mstari kwa HD 4000 zilizokuwa zimekwama chini yake kwa HD 3000. Kwa mnunuzi, hesabu hiyo ina uzito kuliko asilimia yoyote. Gemu iliyotoka fremu 70 hadi 100 haijamwongezea kitu, ila iliyotoka 22 hadi 33 imemfungulia mlango.

Anayecheza gemu za DirectX 9 tu na tayari ana HD 3000, namshauri aangalie RAM kabla ya kununua mashine nyingine. Anayetaka gemu za DirectX 11 hana budi kwenda 4000 au juu zaidi, na kwa uaminifu kabisa ningemwambia apige hatua hiyo ya juu zaidi kama anaweza, kwa sababu gemu nyingi za kundi hilo zinafunguka kwenye HD 4000 bila kuchezeka. Mtu wa Minecraft yuko katikati: akikubali Linux, HD 3000 bado itamfungulia gemu.

Unapowaonyesha wengine matokeo, ambatanisha majina kamili ya prosesa, idadi na kasi ya stiki za RAM, toleo la draiva, mfumo endeshi, hali ya DirectX iliyotumika, ukubwa wa picha, na joto la juu lililofikiwa. Hifadhi na mafaili ghafi ya muda wa fremu, ili atakayetilia shaka namba zako aweze kuzikokotoa upya mwenyewe.